Herufi Zinazonenepa

Majirani walimwita Chapuchapu kwa kasi ya vidole vyake. Kazi yake ilikuwa kuwapigia watu chapa: tasnifu za wanachuo, maombi ya kazi, hotuba za harusi za watu wasiojua kuhutubu. Alikaa chumba cha mbele, karibu na dirisha, ili wateja wasimpitie sebuleni na viatu vyao. Mumewe, mchoraji wa ramani za nyumba, alikuwa na kompyuta yake chumba cha nyuma. Kati yao kulikuwa na ukuta mmoja tu, na waliongea kupitia huo huo ukuta kama watu waliokaa meza moja.

Mume ndiye aliyeziunganisha kompyuta zile, alipochoka kumwona mkewe akienda na kurudi na flashi mkononi.

"Ukihifadhi faili huku, linaonekana kule," alijigamba. "Hata ukibadilisha picha ya skrini, zinabadilika zote mbili. Zimekuwa pacha."

Habari ya mafaili Chapuchapu aliielewa. Hayo mengine yaliingia sikio hili yakatokea lile.

Asubuhi moja aliwasha kompyuta akakuta herufi zimenenepa. Akazipunguza, akaendelea na kazi. Kesho yake zilikuwa zimenenepa tena, na kishale cha kipanya kilichozoea kuwa chembamba kilikuwa kimevimba na kuwa cha manjano.

"Baba watoto, umeigusa kompyuta yangu?"

"Niiguse ya nini, na mimi nina yangu?" mume akajibu kutoka nyuma ya ukuta.

Wala hakuongopa. Ila siku nyingine angekuja mbio na bisibisi mdomoni, maana alipenda kufungua vitu kuliko kuvifunga. Safari hii hakuinuka, na Chapuchapu hakuliona hilo kwa sababu alikuwa na hofu yake.

Hakuogopa majini. Alimwogopa marehemu mama yake. Mama yule, miaka yake ya mwisho, alikuwa akifunga mlango kisha anauliza nani kaufunga. Alitia chumvi kwenye chai na kuapa kwamba ni mkono wa mtu mwingine. Ilianza hivi hivi, kwa vitu vidogo. Basi Chapuchapu akajiambia kwamba yeye mwenyewe ndiye anayezikuza herufi na kusahau. Hakumwambia mtu. Kila alipozikuta zimenenepa alizipunguza harakaharaka, kama mtu anayefuta uchafu kabla wageni hawajaingia.

Halafu ikatokea mchana kweupe. Alikuwa ameweka mikono magotini, anasoma barua ya mteja, herufi zikaanza kuvimba mbele ya macho yake. Zikavimba, zikasukumana, mistari ikakatika, mpaka neno "mpendwa" likajaza upana wote wa skrini. Mikono yake ilikuwa bado magotini. Mama yake naye, baada ya kusahau, alianza kuona watu dirishani ambao hawakuwepo.

Alizipunguza, akaenda jikoni kulia.

Alasiri iliyofuata, chumba kilisema. Sauti ya mwanamke, kavu, isiyovuta pumzi, ilitoka kwenye kompyuta yake bila ya yeye kugusa kitu: "Hati mpya. Ukurasa wa kwanza." Chapuchapu aliruka kitini. Na kabla hajapata la kufanya, sauti ile ile ikaitika kutoka nyuma ya ukuta: "Chumba cha kulala. Dirisha. Mlango."

Basi haikuwa kichwani mwake. Alikwenda chumba cha nyuma, akasukuma mlango.

Mumewe alikuwa amesogeza uso mpaka pua inagusa kioo. Aligeuka aliposikia hatua. Mwanga wa dirishani ulimwangukia mkewe usoni, wazi kabisa.

"Nani huyo?" akauliza.

Chapuchapu alimsogelea. Alimshika bega, na kwa ule mkono mume akamjua, akainamisha kichwa.

"Tangu lini, mume wangu?"

"Siku nyingi. Nilikuwa nazikuza herufi nisikuhangaishe. Lakini macho yananiisha kwa kasi, mama watoto. Nazikuza, naona vizuri. Nikienda kunawa tu, nikirudi sioni tena. Kila siku hivyo. Ndiyo leo nikawasha sauti inayosoma skrini, nizoee giza mapema."

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Huyu aliumbuliwa na kompyuta aliyoiunganisha mwenyewe. Lakini Chapuchapu hakucheka. Alikaa sakafuni.

"Ni mimi," alisema. "Nilikuwa nazipunguza mimi."

Mume alipapasa mpaka akaupata mkono wake.

"Kwa hiyo hayajaisha?"

"Ni mabovu, hukunijua hata mimi. Lakini hayajaisha. Kesho tunakwenda kwa daktari wa macho, na usinibishie."

Hakubisha. Alikuwa analia, na hakuona aibu.

Chapuchapu alirudi chumba cha mbele, akaizima ile sauti, akashika kipanya.

"Ongeza," mume akasema nyuma ya ukuta.

"Hapo?"

"Ongeza tena kidogo."

Aliongeza.

"Hapo hapo. Usiguse."

Kwenye skrini yake mwenyewe yalikuwa yamebaki maneno matatu tu. Akaanza kupiga chapa.