Daktari Aliyeomba Radhi Tassia

Habari za kifo cha Daktari zilinifikia Jumanne, nikiwa Soko la Burma nikisubiri nyama. Kabla ya alasiri alikuwa ameshazikwa, kama ilivyo desturi ya Waislamu, nami nikawahi tu kuwapa pole jamaa zake Eastleigh. Alikuwa mwanachuoni aliyesomea dini na sheria mpaka ng'ambo, kisha akaitumikia serikali hadi kustaafu, akisimamia usajili wa makanisa, misikiti na mahekalu. Kabla ya kuwa mwandishi wa gazeti nilikuwa karani wake, nami namkumbuka kwa Jumapili moja.

Palikuwa na kanisa dogo la mabati katika mtaa wa Tassia, likiongozwa na mama mmoja kutoka magharibi mwa nchi. Ofisini ililetwa barua ikidai kwamba anawazuia wagonjwa kwenda hospitali. Daktari, ndivyo tulivyomwita kwa shahada yake, aliisoma, akaiamini, akaamuru kanisa lifungwe. Amri hiyo niliipiga chapa mimi. Miezi ikapita, ndipo ikabainika kuwa barua ilikuwa ya uongo mtupu, kazi ya mtu aliyekimezea mate kiwanja cha kanisa hilo. Nilimshauri tufute amri kimyakimya, lakini yeye alitaka kwenda kuomba radhi. Mkubwa wetu naye akamwonya kwamba serikali haiombi radhi.

"Barua ile haikusomwa na serikali," Daktari akajibu. "Niliisoma mimi."

Jumapili iliyofuata tulikwenda, tukawakuta waumini wakisali uani, nyuma ya ghorofa, kati ya kamba za nguo. Daktari akasimama mbele yao akiwa na kanzu yake na kofia. "Mama, niliamini maneno ya mtu nisiyemjua, nikakufungia mlango bila kukuuliza lolote. Amri nimeifuta. Naomba unisamehe mbele ya watu hawa."

Mama akatikisa kichwa. "Tumemzika mzee wetu bila kanisa, Daktari. Hilo huwezi kulirudisha."

"Siwezi."

Mama akasogea kwenye benchi. "Basi keti."

Akaketi hadi ibada ikaisha, na mimi kando yake. Elimu yote ile, cheo chote kile, na bado aliweza kusimama uani kwa watu akakiri kosa. Mkubwa wetu hakumsamehe. Daktari hakupandishwa cheo tena, wala sikumsikia akinung'unika.

Mimi nilijifunza polepole. Ninapomkosea mtu katika safu hii, sijifichi tena nyuma ya mistari miwili ya masahihisho. Namtafuta alipo, nabisha hodi, nasema ni mimi.