Nilivyomjibia Binti Yangu

Kazi yangu Kakuma ni kuwatafsiria watu maofisini. Afisa anauliza kwa Kiingereza, mimi nauliza kwa Kiturkana, jibu nalirudisha kwa Kiingereza. Kazi hiyo imenipa ujuzi mmoja wa bure: naweza kusoma fomu kutoka upande wa pili wa meza, ikiwa kichwa chini. Huku kwetu fomu ndiyo inayoamua nani atapata msaada na nani atarudi mikono mitupu, kwa hiyo hakuna anayejibu hovyo.

Binti yangu alikuwa na miaka mitatu nilipompeleka kliniki ya watoto Lodwar mara ya kwanza. Ukimwita hakugeuka, lakini ukifungua pakiti ya biskuti chumba cha pili, alikuja mbio, kwa hiyo uziwi niliuondoa mwenyewe. Alipanga vifuniko vya soda mstari mmoja kutoka mlangoni hadi kwenye jerikeni la maji. Ukisogeza kimoja, alilia mpaka akatapika. Mama mkwe wangu, ambaye tunakaa naye, hakuzungusha maneno.

"Wewe unashinda ofisini," alisema. "Mtoto analelewa na ukuta."

Maneno hayo yaliniuma kwa sababu nusu yake ilikuwa kweli.

Daktari alikuwa msichana wa umri mdogo kutoka Kitale, mpole, na fomu ya maswali mbele yake. Ukimwita jina, anaitika? Anakuletea kitu ili mkitazame pamoja? Alama ya kwanza ilipoangukia safu ya kulia, niliona juu ya safu ile pameandikwa "Dalili za hatari". Kuanzia hapo kila jibu nililisukuma kushoto. Anaitika, daktari. Anacheza na wenzake sana tu. Ananiangalia usoni, ni leo tu ana haya.

Kinachonishangaza ni kwamba kazini nawaona watu kila siku wakiongeza shida zao ili wasaidiwe. Mimi nilipunguza. Kichwani mwangu aliyekuwa anapimwa pale alikuwa mimi, mama, wala si mtoto, na sikuwa tayari kuanguka mtihani mbele ya msichana ambaye hajazaa.

"Anachelewa kidogo kuongea," daktari alisema. "Atawafikia wenzake."

Nilirudi Kakuma nikiringa. Nilimwambia mama mkwe kwamba mtoto ni mzima, daktari amesema, na nilifurahi kumwona akinyamaza. Miaka miwili ikapita hivyo. Maneno matatu aliyokuwa nayo likabaki moja, kisha hata hilo likapotea.

Alipofika miaka mitano alianza kujipiga. Ngumi, shavuni, saa nzima. Majirani walikuwa na maelezo yao, mengine siwezi kuyaandika. Nilimpigia kelele, na siku moja nilimchapa, Mungu anisamehe. Mwishowe tukaanza kumfunga mikono kwa leso. Asubuhi namfunga mimi, mchana mama mkwe anakaza fundo. Shavu likivimba tulisema ni ngumi.

Miezi minne baadaye niliomba ruhusa kazini tukarudi Lodwar. Daktari alikuwa yuleyule. Safari hii nilisema kweli tupu, na alama zote zikaenda kulia, moja baada ya nyingine. Alimtazama mtoto kwa muda mrefu, akampa vitu vya kuchezea, akaandika.

"Ni usonji, mama, yaani autism. Si malezi yako, wala si laana. Dawa ya kumeza ili uishe hakuna, lakini anaweza kufundishwa mengi. Ningependa tungeanza mapema."

Faili la zamani lilikuwa mbele yake. Hakusema kitu kuhusu majibu yangu. Heri angenigombeza.

Nilidhani tumemaliza. Akaweka kalamu chini.

"Akiumwa, wewe unajuaje?"

Nilimwambia analia tu, kwa kila kitu. Aliuliza anajipiga upande gani. Kushoto, nilisema, kushoto tu. Akavaa glavu, akachukua tochi. Tulimshika watu watatu, mimi na manesi wawili, mtoto akipiga mayowe ambayo mpaka leo nayasikia.

"Mama, shika kichwa, usiachilie," nesi aliniambia.

Nyuma kabisa, gego lilikuwa limeoza, na fizi imejaa usaha.

"Hili limemtesa muda mrefu," daktari alisema, taratibu.

Jino liling'olewa alasiri ileile. Tulilala kwa ndugu yangu pale Lodwar, na asubuhi mtoto alikunywa chai, mikono yake ikiwa huru, hakuinua hata ngumi moja. Tulipofika nyumbani mama mkwe alimwangalia siku nzima. Jioni akaniuliza ni dawa gani hiyo tumepewa.

"Hakuna dawa, mama," nilimwambia. "Alikuwa anaumwa jino. Miezi minne, mimi na wewe, tulikuwa tunamfunga mikono kwa sababu ya jino."