Zege Lililofunikwa Blanketi

Mume wangu anafanya kazi kwenye kiwanda cha zege huko Lusail, jirani na Doha, na kama humjui utadhani mji ule wote ameumwaga yeye peke yake. Tukipita na basi hanyamazi: nguzo ile, ukingo ule, maegesho yale. Mimi ni dobi wa hoteli. Sijawahi kumvuta mtu mkono nikamwonyesha shuka na kumwambia hili nililifua mimi, lakini ndoa ni kuvumiliana.

Kwa hiyo mama yangu alipoteleza kwenye mteremko wa kwetu Makete akavunjika mkono, mume wangu alikuwa na jibu hata kabla sijamaliza kulia. Mteremko huo unatoka barabara kubwa hadi mlangoni kwa mama. Ni udongo mwekundu mtupu, na mvua ikinyesha hata mbuzi hufikiri mara mbili. Gari halijawahi kuupanda. Siku aliyoanguka, majirani walimbeba kwa machela hadi chini kwenye gari la hospitali, naye, kama walivyosimulia, njia nzima alikuwa akiwaelekeza pa kukanyaga.

Kaka yangu anaishi Dar es Salaam, na akishaamua jambo hupenda lipigiwe makofi. Aliamua mama ahamie kwake. "Mahali gari halifiki si mahali pa mzee kukaa," alisema. Atakuja sikukuu ya Nane Nane, mwezi wa nane, na akikuta gari bado haliwezi kufika mlangoni, ataondoka naye.

Mama alinipigia siku hiyo hiyo. "Dar ni joto, mwanangu. Nitaiva kama parachichi kwenye gunia." Alicheka peke yake, kisha sauti yake ikapungua. "Mimi nataka kuzeeka kwangu. Sitaki kuwa mgeni hadi kufa, hata kama mwenye nyumba nimemzaa mwenyewe." Niliingiwa na hofu, maana mama yangu si mtu wa kuomba.

Basi tukakubaliana ijengwe njia ya zege, na mume wangu akajiteua mkuu wa mradi. Shida ilikuwa majira. Masika hayaruhusu kumwaga zege mteremkoni, na mvua zikikatika tu, kwetu inaingia baridi. Mwezi wa sita na wa saba Makete kuna sakitu. Usiku umande unaganda, asubuhi majani yote ni meupe, na ndoo uliyoisahau nje ina kifuniko cha barafu. Jua likipanda vyote vinayeyuka, usiku vinaganda tena. Nikiwasimulia wenzangu wa hotelini kwamba hiyo ni Tanzania, wananiambia mvuke wa pasi umenipanda kichwani.

Fundi wetu alikuwa mtoto wa mjomba wangu, kijana mpole anayeamini kila kinachotoka kwenye simu. Maelekezo alipewa siku ya Ijumaa, ambayo Doha ndiyo siku ya mapumziko, tulipotoka ibadani kanisani Mesaimeer. Tulijibanza kwenye kivuli chembamba cha ukuta, mume wangu shati limemgandia mgongoni, na kwenye kioo cha simu fundi alikuwa na koti zito na kofia ya sufu.

"Kamwene, shemeji," fundi alisema.

"Kamwene. Sikiliza vizuri. Mwaga jioni, jua likishazama. Adui mkubwa wa zege ni joto."

"Joto, shemeji?" Mvuke ulikuwa ukimtoka mdomoni.

"Joto. Likishashika, lifunike magunia yaliyolowa maji. Yasikauke hata kidogo."

Hata mimi, mzaliwa wa Makete, nilikuwa natikisa kichwa kukubali. Kule Lusail wakati wa kiangazi wanachanganya zege na barafu ili lisikauke kabla halijafika kwenye kazi, na wanalilinda na jua kama mtoto mchanga. Ukishakaa Doha miaka kadhaa, unasahau kwamba kuna mahali watu hutoka nje asubuhi kulitafuta jua hilo hilo.

Mama ndiye aliyetuokoa. Alikataa njia nzima imwagwe kwa mkupuo mmoja. "Mchuzi huonjwa," alisema, na fundi akamwaga kipande kidogo tu pale chini, karibu na barabara, jioni, na kukifunika magunia mabichi kama alivyoagizwa. Asubuhi magunia yalikuwa yameganda yakawa magumu kama ngozi kavu ya ng'ombe. Fundi aliyainua yakasimama yenyewe, akayapiga picha. Jua lilipowaka yakayeyuka, usiku yakaganda tena, na siku zilivyokwenda uso wa zege ukaanza kubanduka kama ukoko wa ugali.

Mama akatuma ujumbe wa sauti. "Mwambieni mkwe wangu zege lake limebabuka. Ametuletea zege la jangwani, limefika huku bila koti."

Mume wangu aliusikiliza mara mbili, akasema simu ina mikwaruzo. Wiki ile tulipita Lusail na basi na sikuonyeshwa nguzo hata moja. Nilikaa nikifurahia utulivu, hadi nikaanza kumhurumia.

Mwishowe alikwenda kwa msimamizi wake, Mnepali aliyekulia milimani kwenye theluji, akamwonyesha zile picha. Msimamizi alicheka hadi akavua kofia ya kazi. Alipotulia alimweleza kwa lugha yao ya kazini, Kiarabu kidogo, Kihindi kidogo, na mikono mingi. Neno alilolirudia zaidi lilikuwa "moya shwaya, shwaya", yaani maji kidogo, kidogo tu. Maji yanayobaki ndani ya zege yakiganda huvimba, na yakivimba hulipasua kutoka ndani, kama soda uliyoisahau kwenye friza. Kwa hiyo koroga zito. Chini panga kokoto nene, zishindiliwe, maji yasituame. Njia iinamie pembeni. Katikati weka mistari ya kukata, ili zege likitaka kupasuka lipasuke pale ulipoamua wewe. Mwaga asubuhi jua likishapanda, na jioni lifunike vitu vikavu, lisipate baridi. Tena kuna dawa ya kuchanganyia, inayoacha povu dogo dogo ndani ya zege, ili barafu ikivimba ipate pa kujinyoosha.

Mume wangu alirudi nyumbani akayasema yote hayo kana kwamba ameyaota yeye. Tuliposimulia Makete, mama alilishika lile la povu.

"Mkwe wangu anajenga au anafua? Nilidhani sabuni ni kazi ya mke wake."

"Povu ni kitu kikubwa, mama," nilisema. Nimetetea vingi kwenye ndoa hii, lakini povu nililitetea kwa moyo wote.

Dawa ilipatikana Mbeya, mashine ya kukorogea ilitoka Njombe, na vijana wa kwaya wakaisukuma kupanda mteremko huku mama akiwaimbisha kwa mkono wake mmoja mzima. Kile kipande kilichobabuka kilivunjwa kikatupwa pamoja na aibu yake. Walimwaga zege jua likiwa limepanda vizuri. Ilipofika jioni walitandaza mabua makavu ya ngano, juu yake nailoni, na ndipo ilipobainika kwamba mabua hayatoshi. Mbuzi wa jirani walikuwa wamepitia rundo mchana, wakati watu wanakula.

Mimi nilijua hayo Ijumaa iliyofuata, fundi alipotembeza simu ili mkuu wa mradi akague. Nusu ya njia ilifunikwa mabua. Nusu ya juu, karibu na nyumba, ilifunikwa mablanketi. Nayajua yale mablanketi. Ni yale mazito ya Doha, yenye picha za chui na mawaridi, yanayouzwa kwa wingi kwenye nchi ambayo mtu halali bila kiyoyozi. Kila mtu aliyekwenda nyumbani tulimbebesha moja ampelekee mama, na mama aliyahifadhi kwenye mifuko yake, hayajafunguliwa, ya wageni.

"Mama, sasa wewe usiku unajifunika nini?" nilimuuliza.

"Nina shuka, na moto wa jikoni."

"Mama, kuna sakitu."

"Si mlisema lisipate baridi? Hili ni changa. Mimi baridi hii nimezaliwa nayo."

Tulibishana hadi salio likakaribia kwisha, na hakuna blanketi lililotoka. Nilikasirika, na chini ya hasira niliona uchungu, maana nilijua hajifuniki vizuri kwa sababu anaogopa kuhamishwa.

Zege lilishika. Sakitu ilianguka mwezi wote wa saba, ikaganda na kuyeyuka juu yake, na halikubanduka hata chembe. Fundi alilipiga nyundo tukasikia mlio kwenye simu. Mume wangu aliniomba nimpigie fundi arudie, asikie tena.

Nane Nane, kaka alitupigia akiwa kwenye gari. Alikuwa amefika Makete, chini ya mteremko. "Shemeji, zege lenu bado bichi?"

"Limekomaa zamani. Hata lori lipite."

"Basi mbona mama ameweka magogo njiani?"

Nilimpigia mama. Alikuwa amekaa kibarazani, anamwangalia mwanawe anavyopanda kwa miguu na viatu vyake vya mjini.

"Mama, mfungulie kaka apande na gari."

"Ameshaona kwamba gari linaweza kufika. Hilo ndilo alilotaka, basi yameisha. Nimemwambia akipanda atakula, kisha atarudi kwake Dar, na mimi nitabaki kwangu. Amekubali, ingawa anahema."

"Na ukiugua?"

"Nikiugua magogo yataondolewa, mimi si mjinga. Lakini nikiwa mzima, gari la kwanza kupanda hapa ni lile litakalowaleta ninyi." Kisha akaongeza: "Kila nikiwauliza mnakuja lini, mnatuma kitu. Mlituma blanketi, likafika. Mkatuma simu, ikafika. Zege nalo limefika, tena zuri, mwambie mkwe wangu namshukuru. Sasa bado ninyi."

Mume wangu alikuwa ameinamia simu pamoja nami, amesikia yote. Nililia pale pale.

Jumapili asubuhi, kabla ya kazi, kila mmoja wetu alikwenda kwa bosi wake kuomba likizo.