Mchora Ramani wa Ofisi Yetu

Mchora ramani wa ofisi yetu huchonga penseli kwa wembe, polepole, huku akijipigia mluzi. Jumatatu huja wageni wa taifa moja kubwa, Alhamisi huja mahasimu wao, na wote wanataka visima vilevile vya mafuta vya mpakani. Yeye huwachekea wote mpaka magego yaonekane, "Karibuni wakubwa, karibuni," kisha huusogeza mpaka wa kitalu cha mafuta kwenye ramani kumfuata aliyekuja mwisho. Akimaliza, hupuliza vumbi la kifutio kama mtu anayepoza chai. Kila mstari ukihama, kundi moja la wapiganaji huko hupata bunduki mpya, na za kundi la pili hazichelewi. Habari hizo huzipita gazetini na kwenda moja kwa moja kwenye kurasa za michezo.

Juzi aliingia mama yake mdogo, miguu imevimba kwa mwendo wa siku nne. "Mwanangu, kijiji kimechomwa. Wapiganaji wa mlimani wanasema ni chao, wa mtoni wanasema ni chao. Wewe unayechora, niambie tuko kwa nani, nijue pa kukimbilia."

Akakunjua ramani, akaipapasa kwa kidole. "Hapa pana kisima namba saba, mama. Kijiji hakipo."

"Hakipo? Na mama yako niliyemzika hapo wiki iliyopita, nimemzika wapi?"

Akageuka kuutazama mlango.

"Punguza sauti, mama," alisema. "Wageni wako chumba cha pili."