Siku Niliyofundishwa Maana ya "-less"

Mwezi uliopita nilirudi Kianjai kufunga nyumba ya nyanya. Nilipita karibu na shule yetu. Darasa la mbao halipo, wamejenga la mawe, na mahali palipokuwa na meza ya mwalimu wa Kiingereza sasa kuna tangi la maji. Nilisimama hapo kidogo. Sikuhisi kitu, rafiki yangu, na hilo halikunishangaza.

Nilikuwa darasa la nne mama alipopelekwa hospitalini Meru. Alikuwa amekonda, hata pete ikawa inamtoka kidoleni. Siku chache baadaye nyanya alinipeleka Ruiri kwa rafiki yake wa kanisani, nikakaa wiki nzima nikilishwa mukimo wa viazi vilivyopondwa na kuchunga mbuzi. Niliporudi nilikuta udongo mpya nyuma ya migomba. Nilidhani wamepanda viazi vikuu. Nilipomuuliza nyanya habari za mama, alisema, "Anapumzika," na sikuuliza tena.

Muhula uliofuata kanisa lilileta sweta za watoto yatima. Mwalimu wa Kiingereza aliandika orodha, akanituma niipeleke ofisini. Njiani niliisoma. Jina langu lilikuwa chini ya neno "Motherless".

"Mother" nilijua ni mama, na "less" nilikuwa naijua kutoka kwenye hesabu. Tano "less" mbili ni tatu. Basi nikaelewa kwamba mama amepungua, na kweli nilimwona mwenyewe akipungua. Kilichonisumbua ni kujua kiasi kilichobaki. Nilirudi darasani wenzangu wakiwa nje wanakunywa uji, nikamuuliza mwalimu, "Ukitoa less kwa mama, anabaki ngapi?"

Mwalimu alikuwa mtu mkali, lakini siku hiyo alivuta kiti akaniketisha. Akafungua kamusi yake nene, iliyoshonwa mgongoni kwa uzi wa gunia.

"Hii si ile ya hesabu," alisema. "Zimefanana tu, kama watu wawili wenye jina moja. Hii ya mwisho wa neno ilitoka kwa Waingereza wa kale. Walisema leas. Ni ndugu ya loose, kama kamba iliyofunguka. Maana yake ni kukosa kitu."

"Kukosa kidogo?"

"Hapana. Kabisa." Akafunga kamusi. "Nilifikiri nyumbani walikwambia."

Nikasema, "Asante, mwalimu."

Nilipofika nyumbani, nyanya alikuwa anapura maharagwe uani. Vumbi la maganda lilikuwa limemjaa kwenye nyusi. Nilichukua fimbo ya pili nikaanza kupiga naye, yeye akipiga, mimi nikipiga. Baadaye nikamuuliza, "Nyanya, mama hatarudi?"

Fimbo yake ilisimama. "Ni nani amekwambia?"

"Mwalimu. Ni neno la Kiingereza."

Nyanya hakujua Kiingereza hata cha salamu. Alikaa juu ya gunia, akaokota punje zilizorukia nje ya turubai, moja moja. "Basi Kiingereza kimesema ukweli," alisema. "Sisi tulishindwa."

Jioni hiyo alinionyesha ule udongo nyuma ya migomba. Majani yalikuwa yameanza kuota juu yake. Tulisimama, akaomba kwa Kimeru, tukarudi ndani. Nilikula githeri ya mahindi na maharagwe, sahani mbili. Nilingoja kilio kije, nikasikiliza mvuke ukichezesha kifuniko cha sufuria, hadi usingizi ukanichukua. Hakikuja usiku huo, wala miaka iliyofuata.

Siku hizi watoto huambiwa. Hupelekwa makaburini wakiwa wamevaa viatu vizuri, na kutupa udongo kwa mikono yao. Sisi tulifichwa kwa upendo, na waliotuficha wameondoka na walichokificha. Mwalimu alishazikwa. Nyanya tulimzika mwezi huo uliopita, kando ya mama. Baada ya mazishi binti yangu aliniuliza kama mama yangu alikuwa mrefu au mfupi. Niligeuka ili nimuulize nyanya.