Jumamosi Niliyotaja Kopa Mbili

Aliyenifundisha bridge ndiye huyohuyo aliyenichukiza nayo. Alikuwa mtafiti wa mbegu aliyestaafu, mzee anayeheshimika. Mchezo huo wa karata aliupata zamani akifanya kazi kituo cha utafiti cha Kiboko, wageni wa kituo walipokosa mtu wa nne mezani. Mimi ni mwalimu wa hesabu Kanyangi. Jumamosi alasiri nilikuwa nikisafiri hadi Kitui mjini, tunacheza katika chumba cha nyuma cha duka la magodoro. Mwenye duka na dada yake, ambaye ni nesi, walikuwa upande mmoja; mimi na mzee upande wa pili. Kanisani kwetu sikuitangaza starehe hiyo. Mama mchungaji alipoisikia nilimwambia ni hesabu tu, na sikuwa nimedanganya.

Bridge ni wawili kwa wawili, mwenzako amekaa mbele yako na karata zake huzioni. Kabla ya kucheza kuna mnada: unataja aina unayotaka iwe turufu na unaahidi kushinda mizunguko kadhaa. Ukisema kopa mbili, umeahidi miwili juu ya sita ya msingi, yaani mizunguko minane kati ya kumi na mitatu. Ukipungukiwa, wapinzani wanapata pointi, na kama walisema "dabo", adhabu inauma zaidi. Kazi ngumu ni pale mpinzani ameshafungua mnada na wewe umeshika karata hafifu. Ukinyamaza, pengine mnapokonywa mchezo uliokuwa wenu. Ukiingilia, pengine unachinjwa.

Siku moja nesi alifungua kwa shupaza moja. Mimi nilikuwa na kopa tano, kubwa zake kingi na jeki, na kwingineko kwini mmoja tu. Ili niingilie ilinibidi nitaje kopa mbili, na tulikuwa katika hali ambayo adhabu ni nzito. Nikapima, nikapita. Wao wakacheza shupaza, wakashinda. Kumbe mzee alikuwa na kopa nne nzuri.

"Madam, kopa tano na unanyamaza?" alisema. "Na wewe ni mwalimu wa hesabu?"

Yeye mwenyewe zamu yake ilipofika angeweza kutaja kitu, na hakutaja. Lakini mzee ni mzee. Nilisema pole.

Jumamosi mbili baadaye nikapata karata karibu zilezile, na nesi akafungua vilevile. Nikakumbuka maneno yale, nikataja kopa mbili. Mwenye duka akasema "dabo" kwa sauti ya chini, kama mtu anayeomba sukari. Mzee, kwa kuwa karata za mwenza wa aliyetaja huchezwa wazi, akalaza zake mezani, moja baada ya nyingine, akizigonga. Kopa alikuwa nayo moja, tena ndogo. Nilishinda mizunguko mitano.

"Nyinyi wanawake," alisema mzee, "mkipewa kopa mnadhani ni mapenzi."

Mwenye duka alitabasamu, kisha akamwona dada yake hatabasamu, akaacha. Mimi nilichanganya karata za mchezo uliofuata. Nina miaka ishirini na mbili darasani. Hakuna mtoto niliyewahi kumwambia jambo la namna hiyo kwa kukosea hesabu.

Wiki ile nilikaa nyumbani na swali la lini karata hafifu ziingilie mnada, juu ya karatasi za mtihani nilizopaswa kusahihisha. Nikaona jawabu langu la kwanza, la kupita, ndilo lililokuwa sawa. Karata hafifu zinaweza kuingilia, lakini ziwe na aina moja ndefu na imara, kopa sita kwa mfano, zenye karata ya kumi na ya tisa za kushikilia zile kubwa. Kopa tano zenye mapengo, kwa bei ya mizunguko minane na adhabu nzito, ni kujitupa.

Haukupita muda. Mwenye duka alifungua kwa kopa moja, na mzee, bila hata kufikiri, akasema uru mbili. Nesi akasema dabo. Tulipomaliza tulikuwa tumeshinda mizunguko minne, na nilikuwa nimeona alichoingia nacho: uru tano zinazoongozwa na kwini, na jeki mmoja pembeni. Hafifu kuliko zangu.

Alicheka. "Ndio mchezo. Lazima mtu awasumbue."

Adhana ya alasiri ikasikika, mwenye duka akatoka kwenda kuswali. Tukabaki watatu na chai.

"Mzee," nilisema, "juzi nilifanya hivyo hivyo nikiwa na karata bora kuliko hizi. Ukanikaripia."

"Madam, haifanani. Wewe ukijaribu ni kwa sababu hujui hatari. Mimi najua hatari, ndiyo maana najaribu."

"Na tumeanguka mizunguko minne."

"Bahati mbaya."

Nilifunua karata zake mezani, nikamhesabia nesi moja moja. Nesi alizitazama, akasema polepole, "Mzee wangu, kwa hizi hata mimi ningenyamaza."

Nikamwambia mzee kwamba kuanzia Jumamosi ijayo nitakaa mbele ya nesi. Alimaliza chai, akachukua kofia yake, akaondoka kabla mwenye duka hajarudi.

Jumamosi iliyofuata alikuja, akakaa mbele ya mwenye duka kana kwamba yeye ndiye aliyeamua. Bado anaingilia na karata mbovu, na bado inaitwa ujasiri. Mwenzake haulizi. Mimi na nesi tunapima, tunakosea, na hakuna anayegonga meza.

Majuzi tulikutana naye kwenye harusi huko Mbooni. Alinishika mkono mbele ya watu, akawaambia, "Huyu nimemfundisha mimi. Anacheza vizuri, ila anapenda kujirusha."

Watu wakacheka. Nilikuwa na sahani ya pilau mkononi, na bwana harusi alikuwa anasubiri kusalimiwa, kwa hiyo nikaenda kumsalimia.