Leso ya Zambarau Niliyomvika Mio

Aibu hii nimeikalia karibu mwaka mzima, na kama si watu wanaoisimulia vibaya huko nje (wapo wanaosema nilikuwa nimelewa, na mimi pombe hata harufu yake inaniuma kichwa), ningeendelea kuikalia. Basi nisikieni mwenyewe, mimi Kadzo, mama Riziki, niliyemvika mgeni wa watu leso ya kijembe (kanga, kwa wengine) mbele ya kamera, nikaulizwa imeandikwa nini, nikadanganya, na kidogo tu yale maneno yachapishwe kwenye makopo ya kuuzwa dunia nzima.

Mimi nafanya kazi za nyumbani Riyadh, kwa Madam Hind, mwaka wa sita huu. Katika chumba cha kupigia pasi pana televisheni, na humo ndimo nilimomjulia Mio Kazehara, mwimbaji wa Kijapani ambaye siku hizi ni mwigizaji na mwenye biashara zake. Tamthilia zake zinatiwa sauti za Kiarabu, na akihojiwa wanaandika Kiarabu chini, nami kwa Kiarabu changu cha jikoni nikawa nadokoa habari zake moja moja mpaka nikamjua kuliko ninavyowajua binamu zangu. Kazaliwa mji wa wavuvi, baba kaondoka yeye hajajua kutembea, viatu vya shule vya kurithi ambavyo alivijaza magazeti visimvuke. Akaenda kwenye majaribio ya kuimba, wakamkataa mara tatu, mara ya nne wakamtia kwenye kundi la wasichana saba, kila mmoja na rangi yake ya kumtambulisha, yeye wakampa zambarau, na akaimba miaka kumi akitabasamu hata akiwa na homa. Alipoingia kuigiza watu wakamcheka, akacheza mjane mmoja wa kwenye kivuko, wakanyamaza. Kisha akachukua dawa ya uso ya nyanya yake, inayotengenezwa kwa pumba za mchele (ndiyo, hizo hizo tunazowapa kuku), akaifanyia biashara, na leo wanawake wanapanga foleni kujipaka.

Lakini kilichonishika ni mama yake. Mama alikwenda mji mkubwa kutandika vitanda vya hoteli, akamwacha mtoto kwa nyanya yake, akawa anarudi mara moja kwa mwaka. Siku niliyosikia hayo niliunguza shuka la Madam, kwa sababu Riziki wangu yuko Mariakani kwa mamangu, na wakati huo nilikuwa sijamwona miaka mitatu.

Miaka mitatu si kwamba Madam ni mbaya. Madam ndiye aliyewashawishi watu wa Mio wafungue duka la dawa hiyo Jeddah, kazi ya miaka miwili, kaweka humo kila alichonacho, na nyumba nzima ilikuwa inaendeshwa na mimi huku yeye yuko kwenye simu na Wajapani. Kila nikitaja likizo ananiambia subiri kidogo. Mwisho akaniahidi akinitazama machoni, "Kadzo, duka likifunguliwa salama, wiki inayofuata unapanda ndege." Yeye ndiye kafili wangu, karatasi za kutoka na kurudi ziko mkononi mwake, kwa hiyo neno lake ndilo tikiti. Nikampigia Riziki nikamwambia mama anakuja, duka tu lifunguliwe.

Tukashuka Jeddah siku tano kabla, tukafikia kwa mama yake Madam mtaa wa Baghdadiyah, na mimi nikaambiwa kazi yangu siku ya ufunguzi ni moja tu, kubeba birika la kahawa na kupitisha tende. Ningebaki hapo kwenye birika leo nisingekuwa na la kusimulia. Ila mimi ni mtu wa pwani, na kwetu mgeni wa heshima haingii hivi hivi kama anayekuja kusoma mita ya umeme, anapigiwa vigelegele na kuvikwa leso. Nikasema moyoni, huyu mwana wa mtandika vitanda nitamvika mimi, wala sikumwomba mtu ruhusa.

Leso nilikuwa nazo mbili mpya. Moja nyekundu, imeandikwa "Mgeni njoo mwenyeji apone," ambayo ndiyo iliyokuwa imekusudiwa. Ya pili ya zambarau, zambarau yenyewe kabisa, ya Mio. Hii ya pili alinitumia wifi yangu Mbeyu. Sikukuu moja nilijipiga picha nimepaka poda na rangi ya mdomo nikaituma kwenye kundi la familia, na Mbeyu hakusema kitu, ila haukupita mwezi akaja msichana wa kwetu na kifurushi kutoka kwake, nafungua, leso, na jina lake, yaani yale maandishi ya leso, kwa herufi kubwa: JIPAKE UTAKAVYO SURA NI ILE ILE. (Ndiyo Mbeyu huyo. Nampenda hivyo hivyo.)

Mamangu alinifundisha tangu nina miaka saba, leso ya kumpa mtu soma jina kwanza, rangi baadaye. Asubuhi ile nikaziweka zote mbili kitandani, nikatazama nyekundu, nikatazama zambarau, nikajiambia, kwani Jeddah nani atakayesoma Kiswahili? Na hilo nalisema mimi ambaye kila asubuhi kwa siku tano nilikuwa namwamkia Bibi Zuwena, mshonaji wa nyumba ya chini, Mzanzibari ambaye wazazi wake walihamia Jeddah yeye mdogo, na wajukuu zake wote anawagombeza kwa Kiswahili. Akili yangu ilikuwa imeshapanda ndege, imebaki mikono tu.

Mio akaingia dukani, mdogo kuliko kwenye televisheni, mkononi kashika leso ya karatasi ya kufutia pua (alikuwa na mafua, maskini). Nikaweka birika chini, nikapiga kigelegele, nikaimba, nikamzungusha ile zambarau mabegani na jina likamkaa mgongoni sawasawa kama tangazo. Wageni wakapiga makofi. Alipoona ni rangi yake akafurahi, akageuka kushoto, akageuka kulia, kamera zikampiga nyuma na mbele, na Madam aliyekuwa ameanza kunikazia macho kwa kuacha birika akalegea akacheka.

Upande wa mlango hakukuwa na makofi. Hapo walikaa majirani walioalikwa na mama yake Madam, Bibi Zuwena na binti zake wanne, na nilipowatazama niliona mabega yanatikisika, kila mmoja kajiziba mdomo kwa shela. Nikajua wamesoma.

Na Mio naye, kumbe ni mtu wa kuuliza. Akasema na mkalimani wake, kijana mpole mwenye daftari, mkalimani akanigeukia kwa Kiarabu: "Anauliza, maandishi haya yanasema nini?"

Ukumbi wote ukanigeukia. Nilikuwa na nafasi ya kusema sijui, nilikuwa na nafasi ya kuanguka nikajifanya nimezimia, lakini mdomo wangu ukafunguka wenyewe. "Yanasema," nikasema, "mama aliye mbali hajasahau."

Sijui yalitoka wapi. Naam, najua yalitoka wapi. Mkalimani akamtafsiria, na Mio akainamisha kichwa, na aliponyanyua alikuwa analia, si kilio cha tamthilia, kile cha pua kuwa nyekundu. Akawasimulia wageni habari za mama yake na vile vitanda, wanawake wakatoa vitambaa, kisha akamgeukia Madam akasema maneno haya lazima yawe kwenye kila kopo linalouzwa, kwa lugha yake hiyo hiyo na herufi hizo hizo. Msaidizi wake akampiga picha mgongoni, akasema inatumwa kwa wachoraji wao leo hii. Madam akanikumbatia mbele ya watu, jambo ambalo katika miaka yote niliyomtumikia lilikuwa halijatokea, akaninong'oneza, "Habibti, umeniokoa." Na mimi nimesimama pale nimekumbatiwa, najionea lile kopo, dawa ya kupaka uso, na juu yake imeandikwa jipake utakavyo sura ni ile ile.

Nikakimbilia kwenye tende. Bibi Zuwena akanifuata pole pole na fimbo yake.

"Mwanangu," akasema, "mie nimecheka, Mungu anisamehe, sijacheka vile toka mwaka jana. Lakini nimesikia wanataka kuyachapisha."

"Ndiyo, bibi."

"Basi yatasomwa na kila mtu, kutoka Unguja mpaka Lamu. Huyo bosi wako atauficha wapi uso wake?"

"Nikisema sasa hivi, bibi, sitaenda kwetu. Mtoto wangu ananingoja."

Akanitazama kwa huruma kabisa. "Anamngoja nani? Anamngoja mamake, hamngoji mwongo. Hebu nenda kaseme mwenyewe, kabla sijaulizwa mie, maana mie nikiulizwa nasema."

Nikaenda. Walikuwa wamekaa stoo wakipumzika, Madam, Mio na mkalimani, katikati ya makasha. Nikasimama mlangoni nikasema yote kwa pumzi moja, leso, wifi, poda, uongo, na mkalimani akaacha kuandika akaniomba nirudie, kwa sababu hakuamini kwamba anatakiwa kumwambia mwajiri wake kitu kama kile. Nikarudia. Madam akasema neno moja tu, "Halas," yaani basi, imetosha, kwa sauti ya chini, na afadhali angenipigia kelele.

Mkalimani akatafsiri akitazama viatu vyake. Mio akaivua ile leso mabegani. Kisha akauliza swali ambalo sikulitegemea: yale maneno ya mama aliye mbali, kama hayako kwenye kitambaa, yako wapi?

"Ni yangu," nikasema. "Nina mtoto. Ana miaka tisa, yuko kwa nyanya yake."

Akauliza mara ya mwisho nilimwona lini. Nikamwambia. Akasema maneno marefu, na mkalimani akayaleta kidogo kidogo: "Anasema, watu wake wote wanamwambia mazuri tu, miaka mingi sasa. Anasema hakumbuki lini mtu alirudi kumwambia baya. Anasema uongo wako umemwumiza, usidhani haukumwumiza." Akamsikiliza tena. "Na anasema hayo mengine ni kweli, sura ni ile ile, anaiona kila akinawa. Lakini kwenye kopo, hapana."

Mkalimani mwenyewe ndiye aliyeanza kucheka, akifikiri haonekani nyuma ya daftari, akafuata Mio, nikafuata mimi huku machozi yananitiririka. Madam hakucheka. Mio akaikunja leso, maandishi ndani, akaitia kwenye mkoba wake. Msaidizi akatumwa mbio kuizuia ile picha isiende, lakini zile za wageni nani angezizuia, jioni hiyo hiyo Mombasa walikuwa wanazo, na Mbeyu akanipigia simu anacheka mpaka anakohoa, anadai yeye sasa ni mshirika wa Wajapani.

Tukarudi Baghdadiyah. Siku mbili Madam akanisemesha kwa "yalla", yaani haya fanya, na "halas" tu, nikaanza kutunga maneno ya kumwambia Riziki. Siku ya tatu asubuhi nikakuta pasipoti yangu na karatasi za safari mezani jikoni, naye kasimama dirishani ananipa mgongo.

"Nilisema likifunguliwa salama," akasema. "Limefunguliwa. Hilo la salama bado nalifikiria." Akageuka. "Nilikukumbatia kwa uongo, Kadzo, mbele ya watu wangu. Usinifanyie tena. Nenda ukamwone mtoto, urudi."

Nimeapa mambo mawili tangu siku ile. Leso simpi mtu kabla sijamsomea jina lake kwa sauti, hata awe mtu anayejua kusoma kuliko mimi, na nikiulizwa maandishi yanasema nini nitasema yanavyosema, pawe mbele ya kamera au mbele ya Mungu. Wanaocheka na wacheke, nimestahili.

Mariakani nilifika adhuhuri. Riziki alikuwa mlangoni, mrefu, kavaa gauni ambalo silijui. Akanipa shikamoo. Akanipokea begi, akanifutia kiti cha wageni, akaniletea maji kwenye sinia kwa mikono miwili, kisha akarudi kukaa karibu na nyanya yake, magoti pamoja, ananitazama kwa adabu nzuri ambayo sikumfundisha mimi. Nikayanywa yale maji yote. Siku tatu tuliishi hivyo, karibu, asante, samahani. Siku ya nne nikawa namsuka, nikamvuta nywele vibaya, akanisukuma mkono akasema kwa hasira, "Mama, unaniumiza," akaninunia mpaka jioni, na mimi nikaenda nyuma ya nyumba nikalia kwa furaha.